Haidroliki ya nini? Kuchagua oili ya gia boksi ya otomatiki kwa pikapu ya zamani

Ukiingia duka la spea hapa Iringa ukasema "nipe haidroliki", mara nyingi muuzaji atakuuliza swali moja tu: lita ngapi? Hakuulizi gari gani wala la mwaka gani. Unapewa kitu chekundu, unalipa, unaondoka. Mimi ndivyo nilivyofanya, na kosa hilo lilinila msimu mzima wa vitunguu.

Maana kazi yangu ni vitunguu. Nanunua kwa wakulima Ruaha Mbuyuni, napandisha Mlima Kitonga, nashusha sokoni Iringa. Gari ni Hilux dabo kabini ya 1998, injini ya petroli ya 3RZ, otomatiki ya gia nne, iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Madereva wenzangu hunitania kwamba gari la mzigo ni la gia za mkono. Waache. Goti langu la kushoto linajua kwa nini nilichagua otomatiki.

Sili ya nyuma ya gia boksi ilianza kuvuja, matone mawili matatu kila asubuhi. Nikaona niongeze oili kwanza, sili nitabadili nikipata nafasi. Nikapimiwa lita moja na nusu kutoka kwenye dumu la lita 20 lisilo na lebo, nikaambiwa hii ndiyo wanayoweka wote. Safari ya tatu baada ya hapo, nimeshapita Ilula, mwendo wa 70 hivi, gari likaanza kutetema kama linapita juu ya matuta ya rasta. Nikikanyaga mafuta linaacha, nikilegeza linarudi.

Fundi wa kwanza akasema plagi, tukabadili plagi. Wa pili akasema krosi za propela, tukabadili krosi. Wa tatu alitaka kubadili raba zote za kushikilia injini, nikamwomba anipe wiki moja ya kutafuta hela. Katika wiki hiyo ndipo nilipopelekwa kwa mzee mmoja Ipogolo. Hakufungua kitu. Aliuliza tu.

"Mama, humu uliongeza oili gani?"

"Haidroliki, fundi."

"Haidroliki ya nini? Tipa lina haidroliki. Greda lina haidroliki. Jeki hiyo hapo ina haidroliki."

Akachomoa dipstiki ya gia boksi, akaisugua kwa kitambaa chenye petroli, akanipa. "Nisomee, miwani nimeacha nyumbani." Kwenye bati lile jembamba, karibu na alama za COLD na HOT, palikuwa na maandishi yaliyogongwa: DEXRON II. Yalikuwepo siku zote nilizokuwa namiliki gari. Yalikuwa yamefunikwa na uchafu tu.

Kwa nini nyekundu si jibu

Rangi nyekundu ni dawa ya rangi tu, imewekwa ili oili ikivuja ujue haijatoka kwenye injini. Haisemi chochote kuhusu kilichomo. Kinachotenganisha oili moja na nyingine ni viungo. Mchele ni uleule, viungo ndivyo vinavyofanya huyu aite pilau na yule aite biriani.

Ndani ya gia boksi ya otomatiki oili hii ina kazi nyingi kwa pamoja. Inabeba nguvu ya injini ndani ya toki konveta, kile chombo kinachounganisha injini na gia boksi, inasukuma pistoni zinazobana sahani za klachi, inalainisha, inabeba joto kulipeleka kwenye rejeta. Lakini kazi inayowashinda wengi kuielewa ni ya tano: inaamua sahani za klachi zitashikana vipi. Zikishikana kwa ghafla, gia inaingia kwa kishindo. Zikiteleza sana, zinaungua. Kila kiwanda kilitengeneza sahani zake kwa kuzingatia oili fulani yenye utelezi wa kiasi fulani, na ndiyo maana majina yakawa mengi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ford. Otomatiki zao za miaka ya 1960 na sehemu ya 1970 zilitumia oili iitwayo Type F, ambayo haina kile kiungo cha kulainisha mshiko. Inashika kwa nguvu na haraka. General Motors wao walikwenda njia nyingine, wakatoa Dexron, yenye kiungo hicho, ili gia iingie kwa ulaini. Zote ni nyekundu. Ukiziweka kwenye vikombe viwili hutazitofautisha kwa macho wala kwa vidole, lakini gia boksi itazitofautisha siku hiyohiyo.

Ule mtetemo wangu nao una maelezo. Ndani ya toki konveta kuna klachi ndogo inayojifunga gari likishatulia kwenye mwendo, ili nguvu isipotee bure. Inapojifunga inatakiwa kuteleza kidogo kisha ishike moja kwa moja. Viungo visipokuwa sawa, inashika, inaachia, inashika, inaachia, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Wewe kwenye kiti unasikia rasta. Ukikanyaga mafuta kompyuta inaifungua ile klachi, mtetemo unapotea. Kama gari lako linafanya hivyo kati ya 60 na 80, usikimbilie plagi. Ukishakuwa kwenye mwendo huo, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Taa za breki zikiwaka, klachi hiyo inajifungua. Mtetemo ukikoma papo hapo, umeshajua pa kuanzia. Fanya hivyo barabara ikiwa tupu nyuma yako.

Jina la oili yako limeandikwa mahali fulani

Anza na dipstiki. Si ya injini, ya gia boksi, ambayo kwenye Hilux nyingi iko nyuma zaidi karibu na ukuta wa kabini, bomba lake limeshuka chini. Isugue kwa petroli na kitambaa kisichoacha nyuzi, uisome kwenye jua, pande zote mbili. Kwenye Toyota za zamani utakuta DEXRON II au III, kwenye nyingine TYPE T-IV. Ukikuta dipstiki isiyo na maandishi, au inayoonekana mpya kuliko gari, inawezekana ilitoka kwenye gari jingine. Usiiamini, hata kwa kupimia kiasi.

Halafu tafuta kibati cha gari, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kwenye Toyota kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, na hapo utaona namba ya gia boksi, kwa mfano A340F au A343F. Namba hiyo ina thamani kuliko jina la gari. Hilux mbili zilizofanana kwa nje zinaweza kuwa na gia boksi tofauti, na gia boksi moja inaweza kuwa kwenye magari yasiyojuana kabisa. Ukoo wa A340, uliotengenezwa na Aisin Warner, uliingia pia kwenye Jeep Cherokee kuanzia 1987 kwa jina la AW4. Mwenye Cherokee ya zamani na mwenye Hilux ya zamani wanaweza kuazimana chujio, japo hawatakubali.

Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, usikitupe. Majina ya oili huandikwa kwa herufi zetu katikati ya zile zao. Kwenye kurasa za nyuma zenye jedwali tafuta D-II, T-IV au WS. D-II ndiyo Dexron II kwa jina la Toyota wa nyumbani kwao.

Hapa nitaweka onyo, kwa sababu mtego huu nusura unikamate. Kwenye kifuniko cha chupa ya pawa steringi ya Toyota nyingi pameandikwa ATF DEXRON II OR III. Hiyo ni ya usukani. Haithibitishi chochote kuhusu gia boksi. Kuna magari ambayo usukani unatumia Dexron na gia boksi inatumia T-IV, na mtu anaongeza kwa furaha kabisa akisema nimesoma mwenyewe kwenye kifuniko.

Transifa nayo, ile ya kugawa nguvu kwenda magurudumu ya mbele, usiichanganye na hesabu hii. Kwenye Hilux nyingi inatumia oili nzito ya gia, 75W-90, kama difu. Kwenye baadhi ya Nissan inatumia hii nyekundu. Soma kitabu, kila boksi lina tumbo lake.

Majina utakayokutana nayo kwenye rafu

Dexron II ilitoka miaka ya 1970 na leo hutaipata kirahisi, ila aliyeandikiwa II anaweza kutumia III bila shida. III ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sasa, General Motors waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006. Hii maana yake ni kwamba kopo linaloandikwa Dexron III leo halikaguliwi na mwenye jina. Mtengenezaji anasema mwenyewe kwamba oili yake inafikia kiwango hicho. Wapo wanaosema kweli na wapo wanaoandika tu. Kwa hiyo kwa III naangalia zaidi nani katengeneza kuliko kilichoandikwa mbele: kampuni inayojulikana, yenye anwani, yenye namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo.

Dexron VI ilifuata mwaka 2005, na General Motors wanasema inaweza kuchukua nafasi ya zote za nyuma. Ni oili nzuri, inavumilia joto na haichakai upesi. Lakini ni nyepesi. Kwenye joto la nyuzi 100, III ina uzito wa sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 7 na ushee, VI ni kama 6. Kwa gari jipya ni sawa. Kwa gia boksi ya 1998 yenye sili zilizokauka na zilizolegea, inayobeba magunia mlimani, mimi nimebaki na III. Fundi wangu wa Ipogolo anakubaliana nami, kijana wake anayesomea ufundi hakubaliani, na wote wawili gari zao zinatembea.

T-IV ni ya Toyota za mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea. Nyuma ya kopo la kampuni nyingine tafuta maandishi JWS 3309, hicho ndicho kiwango cha Aisin Warner kinacholingana nayo. WS ilikuja baadaye, kiwango chake JWS 3324, na ni nyepesi zaidi, sentistoki 5 na nusu hivi. Toyota wenyewe wanasema WS na T-IV hazibadilishani wala hazichanganywi. Dukani watakwambia WS ni ya kisasa, basi ni bora. Ya kisasa ni bora kwa gia boksi ya kisasa. Ukiiweka kwenye pikapu ya zamani iliyoandikiwa D-II, umeweka oili nyembamba kuliko iliyokusudiwa, na pampu iliyochoka itapata tabu kujenga presha wakati oili imechemka.

Kwa wenye Nissan, angalia neno Matic. Matic D ni jirani wa Dexron III, utaikuta kwenye Terrano na Patrol za gia nne. Navara ya D40 yenye otomatiki ya gia tano ilianza na Matic J, na leo utauziwa Matic S badala yake. Hapo Dexron III si mbadala. Mitsubishi wana SP-II na SP-III, na hizo zina tabia zake. Pajero ya zamani inaweza kuwa na gia boksi ya Aisin inayotaka Dexron, na nyingine yenye umbo lilelile ikataka SP-III, ndiyo maana nasisitiza kibati. Wenye Discovery au Range Rover za zamani zenye ZF ya gia nne, 4HP22, wako kwenye Dexron. Ford za karibuni kidogo zilitumia Mercon, kisha Mercon V.

Kopo lililoandikwa CVT usiliguse. Lile ni la magari yasiyo na gia, yenye mkanda. Kwenye otomatiki ya kawaida halina kazi.

Vipi kuhusu yale makopo ya "magari yote", yenye orodha ya majina 30 nyuma? Sijayakataa kabisa. Yapo ya kampuni nzuri na yanafanya kazi kwa watu. Lakini fikiria: orodha ikiwa na T-IV na WS kwa pamoja, ambazo wenyewe wamesema hazibadilishani, basi mtengenezaji amekaa katikati na hakuna aliyepata anachotaka barabara. Ukiwa porini na hakuna kingine, tumia. Ukiwa mjini na una siku mbili, tafuta ya kwako.

Dukani mimi sasa sisemi haidroliki. Nasema, "Naomba Dexron tatu, kopo lililofungwa, niione." Nalishika, naangalia kama pete ya kifuniko haijakatika, nasoma nyuma. Ya kupimwa kwenye dumu sinunui tena hata wakinipunguzia nusu ya bei. Na nanunua yote kwa pamoja, ya kopo la aina moja, pamoja na lita moja ya akiba ya kukaa nyuma ya kiti.

Kabla ya kubadili, tazama iliyomo

Dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Likiwa jekundu au jekundu la kahawia na likasambaa vizuri, oili ina uhai. Likiwa kahawia iliyokoza lakini halinuki, imechoka tu, ibadili. Likiwa jeusi, lina harufu ya kuungua kama mkate uliosahauliwa jikoni, na gia zinachelewa kuingia au zinateleza, basi sahani zimeshaungua. Oili mpya haitazirudisha. Tena kwa gia boksi ya namna hiyo oili mpya inaweza kuonekana kama ndiyo iliyoiua, wakati ilikuwa mgonjwa wa kusubiri siku.

Rangi ya waridi, kama maziwa yaliyotiwa sharubati, ni habari mbaya zaidi. Maji ya rejeta yameingia. Kwenye magari haya oili ya gia boksi hupozwa kwa bomba lililopita ndani ya rejeta, na likitoboka maji na oili vinakutana. Usiendeshe. Maji yanabandua gundi ya sahani za klachi. Rejeta inabadilishwa kwanza, ndipo oili isafishwe yote.

Gari langu halikuwa kwenye hali hizo. Lilikuwa limechanganyiwa tu, kwa hiyo kazi ilikuwa kuitoa ile ngeni.

Chini ya gia boksi kuna sampo, lile beseni la oili, yenye nati ya kumwagia. Hakikisha ni ya gia boksi, siyo ya injini. Kuna waliomwaga oili ya injini, wakaongeza lita nyingine kwenye gia boksi iliyokuwa imejaa, wakaondoka gari moja likiwa na magonjwa mawili. Kinachotoka kikitazamwa ni chekundu au cha kahawia chepesi, si cheusi kama wino.

Pokea oili kwenye chombo unachoweza kupimia. Kwangu zilitoka lita 2 na kidogo. Hapo ndipo watu hushangaa, kwa sababu gia boksi nzima inabeba mara tatu ya hizo na zaidi. Nyingine imebaki kwenye toki konveta na mabomba. Sasa piga hesabu: kama kila ukimwaga unatoa robo, baada ya mara tatu bado asilimia 42 ni ya zamani. Kumwaga mara moja hakukuwa kunaniponya. Nilimwaga mara ya kwanza, nikafungua sampo kubadili chujio na gasketi, nikajaza kiasi kilekile kilichotoka, nikaendesha wiki. Nikarudia. Nikarudia tena mara mbili. Mtetemo ulipungua baada ya mara ya pili na baada ya nne sikuusikia tena.

Kuna njia ya haraka ya kuchomoa mpira unaorudi kutoka kwenye rejeta, ukawasha injini, oili ikatoka yenyewe huku mwenzako anajaza kwa juu. Inafanya kazi, lakini ni ya watu wawili wenye adabu: lita moja ikitoka, zima, jaza lita moja, washa. Pampu ikivuta hewa umejitafutia. Mashine za kusukuma kwa presha sizipendi kwa gari kongwe, zinaamsha uchafu uliokuwa umelala.

Ukifungua sampo tazama sumaku zilizokaa ndani yake. Ungaunga laini wa kijivu kama masizi ni kawaida, ufute. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida, piga picha umwonyeshe fundi. Bolti za sampo ni ndogo, zikazwe kwa kupishana na kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Fundi wa pili, yule wa krosi, aliwahi kuikata moja kwenye gari la jirani yangu, ikachukua nusu siku kuitoa mzizi.

Kupima kiasi

Otomatiki haipimwi kama injini. Gari liwe sehemu tambarare, limetembea angalau dakika 20 hadi oili ipate joto, kama nyuzi 70 au 80. Hendibreki juu, mguu kwenye breki, injini inanguruma. Pitisha mkono wa gia kutoka P hadi L pole pole, ukae kidogo kila kituo, urudi P. Injini ikiwa bado inawaka, chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Alama za COLD ni za kukadiria wakati wa kujaza, usizitegemee.

Ongeza kidogo kidogo kwa faneli ndefu, robo lita kwa robo lita. Ikizidi, gia zinaichapa inakuwa povu, na povu halina presha. Iliyozidi inatoa dalili zilezile za iliyopungua, kwa hiyo mtu anaongeza tena. Mimi nimeshamwona.

Halafu kuna Kitonga

Oili sahihi bado inaweza kuuawa na mlima. Kutoka Mahenge kupanda, na magunia nyuma na lori limekutangulia kwa mwendo wa kutembea, toki konveta inateleza muda wote na joto linapanda. Kabla sijaanza kupanda nabonyeza kitufe cha O/D pembeni ya mkono wa gia, taa ya O/D OFF inawaka, gari haliingii gia ya nne. Mwinuko ukizidi nashusha hadi 2, nawaachia wanaotaka kunipita wapite.

Siku moja taa ya A/T OIL TEMP iliwaka kwenye kona ya juu. Watu wengi wakiona taa nyekundu mkono unakwenda kwenye funguo. Usizime. Tafuta pa kusimama salama, weka P, acha injini iendelee kunguruma ili pampu izungushe oili kwenye rejeta na feni ipoze. Nilikaa hapo muda mrefu kidogo, utingo wangu ameshaweka jiwe nyuma ya tairi, mpaka taa ikazima yenyewe. Jioni nikapima rangi na harufu kwenye tishu, ilikuwa bado nyekundu. Ingenuka, ningebadili wiki hiyohiyo bila kusubiri kilomita.

Sili ya nyuma nimeshabadili. Kila usiku nalaza boksi la katoni chini ya gia boksi, na asubuhi naliangalia kabla ya chai. Leo lilikuwa kavu, ila kulikuwa na tone moja mbele zaidi, jeusi. Hilo ni la injini, nitampelekea mzee Jumatatu.